Kumsomea Mwalimu Elinisafi Kiyunani

Eliaichi, umeniuliza mara nyingi jinsi mtu wa darasa la nne alivyofika kusoma Kiyunani, na kila mara nimekujibu kwamba chai inapoa. Sasa nimestaafu, chai haina haraka tena, na mjukuu wangu amenifutia meza. Wewe na wenzako mliobaki pale maktaba mkiona nimeruka habari za mshahara na vyeo, mjue sijazisahau. Hazina utamu wa kusimulia.

Niliingia chuoni kama mfagizi. Kabla ya hapo nilikuwa Moshi mjini nachambua kahawa, mimi na Anasia na Mama Tegemea na Hilaria yule wa Kirua Vunjo, tumekaa mezani tangu asubuhi tunatenga punje nzuri na mbovu. Kazi ile ilipopungua, Mchungaji Aminieli, mkuu wa chuo, akanichukua nifagie madarasa na maktaba. Chuo chenyewe mnakijua, kiko pale pale kwenye njia ya kupanda Uru, ila siku zile barabara ilikuwa ya vumbi, na vumbi lilikuwa linaingia mpaka ndani ya Biblia. Kornelio mpishi ndiye aliyenionyesha ufagio unapokaa. Akanieleza kwamba vitabu vya mle ndani havisomwi, vinafutwa tu, kwa hiyo nisiviogope.

Mwalimu Elinisafi nilimkuta tayari haoni. Alikuwa mchungaji mzee, mrefu, mwenye koti moja, na ndiye aliyefundisha Kiyunani, lugha ambayo Agano Jipya liliandikwa kwanza. Nyinyi mnaiita Kigiriki. Darasani aliweza kufundisha kwa kichwa, maana alikuwa ameyashika yote. Lakini alikuwa na kazi nyingine yake mwenyewe. Alikuwa anakigeuza kwa Kiswahili kitabu kimoja cha kale sana cha falsafa ya Wayunani, kinachouliza mtu aishi vipi ndipo aseme ameishi vizuri. Ndani yake kuna sehemu ndefu ya urafiki, na hiyo ndiyo aliyoipenda. Alifika katikati ya kitabu, macho yakamwishia. Hospitali walimwambia ni presha ya macho na kwamba amechelewa. Basi akawa anakuja maktaba kila asubuhi, anafungua kitabu mbele yake, anakaa nacho. Niliona jambo lile linasikitisha, nikawa nafagia kwa upole nikifika upande wake.

Siku moja ufagio ulisimama karibu naye na yeye akasikia umesimama. Akauliza ni nani. Nikamwamkia, shikamoo Mwalimu, akaitikia marahaba, akauliza kama najua kusoma. Nikasema Kiswahili, tena maandishi yakiwa makubwa. Akanivutia kiti, akaweka kidole juu ya ukurasa, akaniuliza herufi ya kwanza ya mstari wa juu iko vipi.

Nikamwambia, "Mwalimu, hii siijui."

"Sijakuuliza kama unaijua. Nimekuuliza inafanana na nini."

Nikainama nikaiangalia vizuri. Ilikuwa duara lenye mstari umelala katikati. Nikasema inafanana na jicho la mbuzi. Mzee alicheka mpaka akatoa leso. Akasema miaka yote aliyosoma hiyo lugha, mpaka Ulaya, hakuna profesa aliyewahi kumwambia jambo hilo, na kumbe ni jicho la mbuzi kabisa. Akaniambia sauti yake. Tukaenda ya pili.

Ndivyo nilivyojifunza. Ipo iliyokuwa mzee anatembea na fimbo. Ipo iliyokuwa yai limechomwa kijiti, ipo uma, na ipo nyoka aliyekanyagwa na baiskeli. Ile ya mwisho katika alfabeti nilikataa kuitaja kwa sababu yeye ni mchungaji, na alipong'ang'ania nikamwambia ni makalio ya mtoto mchanga. Mpaka leo mwanafunzi mpya akija hajui aanzie wapi, namfundisha hivyo hivyo. Mchungaji mmoja mkubwa wa huko chini, simtaji, bado akisoma anasema moyoni jicho la mbuzi. Aliniambia mwenyewe.

Herufi zinazofanana zilitusumbua. Maneno yangu hayakutosha, nikisema ndoano yeye anafikiria ndoano nyingine. Nikaenda jikoni kwa Kornelio nikaomba sinia na unga wa mahindi. Naiona herufi kitabuni, naichora kwenye unga kubwa kama kiganja, Mwalimu anaipapasa kwa kidole, ananipa sauti yake, natikisa sinia, tunaendelea. Kornelio alikuwa akipita dirishani ananisalimia Bibi Myunani, na anauliza huo ugali wa falsafa utaiva lini. Nikamwambia ukiiva hapati.

Nilipoweza kuunganisha herufi, nikaanza kusoma kwa sauti. Sasa, mimi katika maisha yangu kusoma kwa sauti nilikuwa nimekusikia mahali pamoja tu, kanisani. Kwa hiyo nilisoma kwa sauti ya liturujia, napanda na kushuka, na mwisho wa mstari navuta kama nangojea usharika uitikie. Nilidhani ndiyo adabu yenyewe. Mwalimu alivumilia ukurasa mzima. Halafu akasema taratibu, "Ndeshi, unanisomea falsafa au unanizika?"

Akanifundisha kusoma kama mtu anayemweleza jirani jambo akiwa amesimama kwenye mfereji. Hapo anapumua anapotaka kupumua, na sauti inaangukia pale penye maana. Nikamwambia maana siijui. Akasema yeye atakuwa na maana, mimi niwe na macho, tutaona.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Lenzi nilinunuliwa na Mwalimu dukani kwa Bwana Jayantilal pale mjini. Mwenye duka alikataa kuiuza kabla hajajua inakwenda kusoma nini, na alipoambiwa akaagiza kijana wake alete ile nzuri ya ndani. Kitabu tulikiegemeza kwenye kreti la soda. Kamusi ilikuwepo, nene, lakini ilikuwa ya Kiyunani kwa Kijerumani, iliyoachwa na wamisionari, na mimi Kijerumani sijui hata cha kuombea maji. Wewe Eliaichi leo ukitaka neno unaligusa kwenye simu. Mimi kila neno nililipata kinywani kwa mzee. Kamusi yangu ilikuwa mtu.

Maana ilianza kuniingia bila kubisha hodi. Nilikuwa nimeshasoma mwaka wa kutosha, yeye anasikiliza, halafu anatamka Kiswahili na mimi naandika. Asubuhi moja nikasoma sentensi, na kabla hajafungua mdomo nikawa najua inamsema mtu anayetafuta rafiki kwa faida. Nilishtuka kama niliyesikia watu wakiongea habari zangu nyuma ya mgomba. Sikumwambia. Nikasoma inayofuata, nayo nikaisikia nusu. Mwishowe nikamwambia, akasema alijua tangu wiki iliyopita, kwa sababu sauti yangu ilikuwa imeacha kuangukia mahali pa makosa.

Hapo ndipo aliponifundisha kwa kweli. Sentensi za Wayunani ni ndefu, na anayeanza hupotea humo kama aliyeingia kihamba cha watu, migomba kila upande, gizani. Alisema nifanye kama nifanyavyo nikifika msibani nyumba nisiyoijua. Sikimbilii kukaa. Nauliza kwanza aliyefariki ni nani na mfiwa mkuu ni nani, nikishajua hao wawili najua na mimi mahali pangu. Basi katika sentensi tafuta kwanza nani anafanya, na anafanya nini. Wengine wote ni waombolezaji, watajipanga. Mnaocheka, chekeni, lakini jaribuni.

Wanafunzi walinizoea. Ufagio akapewa Mama Furaha, mimi nikawekwa maktaba, na asubuhi zote zikawa za Mwalimu. Nawakumbuka wote waliopita, na wa kwanza kabisa walikuwa Godliseni, Zakaria, Elirehema na Naftali mfupi, aliyekuwa anasinzia macho wazi. Kurasa zilikwenda polepole sana. Siku nyingine tulimaliza sentensi tatu tukajipongeza. Mwalimu hakuwahi kuona haya kurudi nyuma, na hakuwahi kuniacha niandike neno ambalo mama yangu huko Kirua asingelielewa. Alisema kama halieleweki kwake, basi bado halijatafsiriwa, limevaa tu nguo za Kiswahili.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya marafiki wasiolingana. Mmoja mkubwa na mmoja mdogo, au mmoja anayo na mwingine hana. Kitabu kinauliza, hao wawili wagawane vipi ili wasije wakagombana, maana kila mmoja anaona anastahili zaidi. Mwalimu alikaa nayo kipindi kirefu. Mwisho akaamua, nikaandika, kwamba mkubwa hupata fungu kubwa na mdogo huridhika na dogo, na hivyo urafiki unasimama. Mimi sikuipenda lakini niliiandika. Kazi yangu haikuwa kupenda.

Miaka ikaenda. Kisha Mwalimu akaanza kusahau.

Mwanzo yalikuwa majina. Mimi majina hayanipotei, kwa hiyo nilikuwa namwazima, naye anayapokea kama mtu anayepokea kikombe. Halafu ikawa siku. Halafu asubuhi moja aliniuliza tumefika wapi, nikamwambia, tukasoma, na kesho yake akaniuliza tena, na ulikuwa ukurasa ule ule, na hakuukumbuka hata kidogo. Siku za mwanzo nilimwambia ukweli, kwamba huu tulishausoma jana. Nikaona anavyoushika ukingo wa meza. Baadaye nikawa namwambia tumefika hapa, na tunasoma hapa. Haikuwa uongo.

Kiyunani chenyewe kilimwondoka kipande kipande. Neno nililolipata kwake nikamrudishia, akalikaribisha kama mgeni. Mimi ndiyo nikaogopa, kwa sababu kama nilivyosema, kamusi yangu ilikuwa mtu, na sasa kurasa zilikuwa zinachanika. Nikawa namsomea mapema, saa moja na nusu, kabla jua halijamchosha. Asubuhi alikuwa bado yeye mwenyewe kwa muda mzuri. Mchana akawa mtu anayengoja kupelekwa nyumbani.

Katika asubuhi mojawapo ya hizo tulipitia upya sehemu ya marafiki wasiolingana. Nikamsomea. Akafumba macho, nikadhani amelala. Akasema, "Futa ile ya kwanza. Andika: kila mmoja apate kilicho kikubwa, ila wasipate kitu kimoja."

Nikamuuliza maana yake nini. Akasema chai iko wapi. Nikarudia swali, akaniuliza swali gani.

Nikaiandika kwenye karatasi ya pembeni, lakini ile ya kwanza sikuifuta.

Mchungaji Aminieli wakati huo alikuwa ameamua tafsiri ichapwe ndogo kwa ajili ya wanafunzi, angalau sehemu ya urafiki, Mwalimu akiwa bado hai. Akataka nimpe karatasi zote kabla ya chuo kufunguliwa Januari. Nikamweleza kwamba pale pana kauli mbili. Moja aliitoa akili ikiwa nzima, baada ya kuifikiria kipindi kirefu. Nyingine aliitoa juzi juzi, akaisahau kabla haijakauka wino. Mkuu alikuwa mtu wa haki, wala hakumdharau mzee. Alisema tu kwamba hatuwezi kuwapa vijana jambo ambalo hatujui kama ni Mwalimu aliyelisema au ni ugonjwa. Akaniuliza mimi naonaje. Nikasoma Kiyunani tena, mara nyingi, na ukweli ni kwamba niliona inaweza kwenda huku na huku. Peke yangu sikuwa na uzito wa kuamua. Na aliyekuwa na uzito hakuweza tena kuulizwa, maana kila nikimuuliza alinipa jibu la adabu ambalo lingeweza kumfaa mtu yeyote.

Hicho ndicho kilichoninyima raha mwezi ule wote. Ukichapa ya zamani, huenda umemfunga mdomo mzee siku aliyoona vizuri kuliko siku zote. Ukichapa mpya, huenda umemwaibisha mbele ya wanafunzi wake wote, na yeye hawezi kujitetea.

Desemba ikafika, watu wakapanda mlimani kutoka Dar na Arusha na kila mahali. Nyumbani kwa Mwalimu, pale juu ya kanisa, walichinja siku ya pili ya Krismasi, na mkewe, Mama Apaikunda, akatuma niende. Nilikwenda na mkungu wa ndizi mshare, nikakaa na wanawake upande wa jikoni.

Kwa asiye wa huku nieleze. Sisi nyama ya mbuzi wa ukoo haigawiwi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana kwa nafasi yake katika ukoo. Kirua hatugawi sawasawa na huku Uru, msije mkanisahihisha, lakini katika ukoo ule kidari kilikuwa cha mzee wa nyumba. Kidari ni kifua cha mbuzi, ndiyo heshima yenyewe. Mzee anakipokea yeye, hakuna anayekigusa. Na anayegawa ni yeye, anaita mtu, anampa.

Wakamkalisha Mwalimu kwenye kigoda, nyama kwenye majani ya mgomba mbele yake. Haoni, lakini mikono yake ilikuwa inazijua sehemu. Mguu akampa mdogo wake. Shingo akampa shemeji. Kisha mwanawe mkubwa, Elibariki, aliyetoka Dar, alipoita baba, mzee akamwitikia kwa jina la kaka yake mwenyewe aliyekufa siku nyingi. Watu wakatazamana. Elibariki akainama chini.

Halafu mzee akapapasa, akakishika kidari, akakiinua. Akauliza, "Ndeshi yuko hapa?"

Nikaitika kutoka upande wa jikoni.

"Njoo uchukue kidari chako."

Elibariki akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini lakini sote tulisikia, kwamba mzee ameshachanganya, hicho ni chake mwenyewe, na huyu mama si wa ukoo. Alisema kwa huruma, sikumlaumu. Akanyoosha mkono akichukue ili arudishe mambo mahali pake. Mimi nilikuwa nimesimama na sijui pa kuiweka miguu. Nikipokea, nimejiingiza katika ukoo wa watu. Nikikataa, nimemkatalia mzee mkononi mbele ya nyumba yake.

Mwalimu hakukiachia. Akasema, "Elibariki, sijachanganya. Nilikuita jina la baba yako mkubwa, hilo nimekosea, unisamehe. Hili sijakosea. Heshima nimeipata maisha yangu yote, nimeshiba. Huyu alinipa macho. Heshima ni yake. Mimi nipeni maini, sina meno." Akageuza uso upande niliokuwa. "Kila mmoja amepata kilicho kikubwa. Tena si kitu kimoja."

Eliaichi, sikiliza hapa. Maneno yalikuwa yale yale, na sasa niliyaona yamesimama kwa miguu yao mbele ya watu wote. Aliyetoa anapata heshima. Mwenye shida anapata kinachomfaa. Hakuna aliyepata fungu dogo. Nikaelewa alichokiona asubuhi ile kabla ya chai.

Bado sikuwa nimenyoosha mikono. Mama Apaikunda akasema nyuma yangu, "Pokea, mama. Mkono wake unachoka."

Nikapokea kwa mikono miwili. Mtu mmoja akacheka kidogo, kisha wote, na kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kikaanza kuzungushwa.

Januari nilishuka ofisini kwa Mchungaji Aminieli na karatasi zote, ile kauli ya kwanza nimeifuta kwa mstari mmoja. Akazisoma, akauliza nina ushahidi gani kwamba mzee alikuwa na akili zake. Nikamwambia ushahidi tuliula siku ya pili ya Krismasi, kama anataka nitamletea mifupa. Nikamsimulia yote. Akavua miwani, akasema ichapwe hivyo.

Vitabu vilirudi kabla ya Kwaresma. Nilimpelekea Mwalimu nyumbani, kwa sababu chuoni hakuja tena. Alikuwa amekaa juani, blanketi magotini. Nikamwamkia, hakunijua jina, lakini aliniitikia vizuri. Nikamsomea ile sehemu kwa Kiswahili, kama mtu anayemweleza jirani kwenye mfereji, mpaka mwisho. Alisikiliza amekaza shingo, kama alivyosikiliza daima.

Nilipomaliza akauliza, "Nani aliyetafsiri hii?"

Nikakifunga kitabu, nikamwekea juu ya blanketi.

Akasema, "Huyo mtu anajua kugawa nyama."

Nikamwambia ndiyo, Mwalimu, nimemwona akigawa.